Neno ‘primer’: kitabu cha sala, kopo la rangi na kipira cha injini

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari huko Nansio, kisiwani Ukerewe, ameniletea swali ambalo kwa kulitazama juujuu linahusu neno moja tu. Kikundi cha wafugaji wa samaki wa vizimba kimemwomba akitafsirie kijitabu cha Kiingereza ambacho jina lake linaanza na neno ‘primer’. Yeye aliandika juu ya jalada “Utangulizi wa Ufugaji wa Samaki”, lakini mwalimu mwenzake akalikataa jina hilo akisema kwamba utangulizi ni kurasa chache za mwanzo wa kitabu, si kitabu chenyewe. Wakiwa bado hawajaafikiana, alipanda kivuko kuja Mwanza kununua vifaa vya kukarabati nyumba, na katika duka moja la maeneo ya Makoroboi akakuta kopo la rangi limeandikwa neno lile lile. Jioni yake binti yake, anayesomea kazi za maabara, akamwambia kwamba wao nao hulitumia kila siku na kwamba halihusiani na rangi wala na vitabu. “Je,” anauliza, “hili ni neno moja, au ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati? Limetoka wapi? Na mimi niandike nini juu ya jalada?”

Mwalimu, nianze na lile unaloweza kulitumia leo. Ni ukoo mmoja wenye matawi mawili. Tawi la kwanza ni jina la kitabu, ambalo Waingereza walilipokea kutoka Kilatini cha Kanisa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Tawi la pili limeota kutokana na kitenzi ‘prime’, yaani kukiandaa kitu ili kiweze kupokea kile kitakachofuata, na humo ndimo yalimotoka kopo lako la rangi na msamiati wa binti yako. Mzizi wa matawi yote mawili ni neno la Kilatini ‘primus’, lenye maana ya “wa kwanza”. Mwenzako alifanya vyema kuukataa utangulizi. Ila nadhani nyote wawili mmelipita bila kuliona neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na hilo la Kiingereza, neno ambalo lilifanyiwa kazi kubwa hapa hapa Mwanza kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa Kilatini, kutokana na ‘primus’ lilipatikana neno ‘primarius’, “aliye wa daraja la kwanza”, ambalo kwa njia nyingine ndilo lililowapa Waingereza jina la shule tunayoiita ya msingi. Katika Zama za Kati, Kilatini cha Ulaya kikawa na neno ‘primarium’ au ‘primarius’ kwa maana ya kitabu cha sala. Katika Kiingereza cha karne ya 14 kitabu hicho kiliandikwa ‘prymer’, nacho hakikuwa kitabu cha shule kwa maana tunayoijua sisi. Kilikuwa kitabu cha sala cha waumini wasio mapadre wala watawa, na ndani yake mlikuwamo sala za saa za Bikira Maria, Zaburi saba za toba, litania, na sala za kuwaombea marehemu. Mtu aliyeweza kumudu kitabu kimoja tu katika maisha yake, kwa kawaida alimudu hiki.

Kwa nini kiliitwa “cha kwanza”? Wataalamu wametoa maelezo mawili, na la pili lina ladha ya pekee kwa msemaji wa Kiswahili. La kwanza ni jepesi: kilikuwa kitabu cha kwanza ambacho mtoto alikishika mkononi alipojifunza kusoma. La pili linahusu saa. Watawa wa Ulaya waliigawa siku kwa sala, na sala kadhaa za mchana zilichukua majina yao kutoka kwenye hesabu ya saa ya Warumi, ambao hawakuanza kuhesabu usiku wa manane kama Wazungu wa leo bali waliianza pale jua linapochomoza. Sala ya saa ya kwanza iliitwa ‘Prima’, ya saa ya tatu ‘Tertia’, ya saa ya sita ‘Sexta’ na ya saa ya tisa ‘Nona’. Mwanafunzi wa London akielezwa hayo hana budi kuchukua karatasi na kufanya hesabu, maana kwake saa ya tatu ya Kirumi ni saa yenye namba tisa na saa ya sita ni yenye namba kumi na mbili. Mtoto wa Nansio hahitaji karatasi. Saa ya tatu ni saa tatu asubuhi, saa ya sita ni saa sita mchana, saa ya tisa ni saa tisa alasiri, na ‘Prima’ ni ile saa inayoanza saa kumi na mbili alfajiri jua linapochomoza na kumalizika saa moja. Sisi tumeendelea kuhesabu vile Warumi walivyohesabu. Tena sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu wasiyokuwa nayo wao, kwani kwao saa moja ya mchana ilirefuka wakati wa kiangazi na kufupika wakati wa baridi kwa kufuata urefu wa mchana, ilhali hapa ziwani jua haliyumbi kiasi hicho mwaka mzima.

Kwa mujibu wa maelezo hayo ya pili, kitabu kilipata jina lake kutokana na sala hiyo ya alfajiri. Mimi huyapendelea yale ya kwanza, kwa sababu ‘Prima’ ilikuwa sala moja tu kati ya nyingi zilizokuwamo na sioni kwa nini iwe ndiyo iliyokipa kitabu kizima jina lake; lakini ni vigumu kukanusha kwamba waliolisikia neno hilo walisikia pia mlio wa kengele ya asubuhi ndani yake. (Sala ya ‘Prima’ yenyewe haipo tena katika liturujia ya kawaida ya Kanisa Katoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifuta katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu liturujia, ikabaki Masifu ya Asubuhi pamoja na sala za mchana.)

Sasa tazama jinsi kitabu cha sala kilivyogeuka kuwa kitabu cha shule. Mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anasimulia katika mojawapo ya hadithi zake za Canterbury juu ya mtoto wa miaka saba aliyekaa darasani na ‘primer’ yake, akawasikia watoto wakubwa wakiimba wimbo wa Kilatini wa kumsifu Bikira Maria. Mtoto yule yuko shuleni na anajifunza kusoma, lakini anachokisoma ni sala. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu shabaha ya kusoma ilikuwa kusali. Taratibu ikazoeleka kuweka alfabeti katika kurasa za mwanzo, kisha silabi, ndipo zifuate Baba Yetu na Salamu Maria. Mwaka 1545 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alitoa ‘primer’ rasmi ya Kiingereza ili raia wake wote wasali kwa maneno yale yale, na watoto wajifunzie humo. Kadiri miaka ilivyokwenda, alfabeti ikazidi kuongezeka na sala zikazidi kupungua. Mwishoni mwa karne ya 17 huko Boston, katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika, mchapishaji Benjamin Harris alitoa ‘New England Primer’, kitabu ambacho kilitumika kwa vizazi vingi na ambacho kila herufi yake ilikuwa na mashairi yake mafupi. Herufi ya kwanza ilikuwa ya Adamu na dhambi aliyotuletea. Humo bado dini na herufi zimeshikana mikono, lakini aliyekinunua alikinunua kama kitabu cha kufundishia watoto.

Baada ya hapo hatua ilikuwa fupi. Ikiwa ‘primer’ ni kitabu cha kwanza cha kusoma, kwa nini isiwepo ‘primer’ ya Kilatini, ya hesabu, ya mimea, ya ufugaji? Ndivyo ilivyokuwa, na kijitabu chako cha samaki kimetoka kwenye mstari huo. Katika Kiingereza cha siku hizi maana imelegea zaidi: gazeti linaweza kumwandalia msomaji mtu mzima ‘primer’ ya kurasa mbili juu ya uchaguzi wa nchi fulani, na hapo hakuna alfabeti wala mtoto, bali ni maelezo mafupi ya kumwezesha mtu asiyelijua jambo afuatilie habari zake. Wapiga chapa nao walikuwa na saizi mbili za herufi zenye jina hilo, kubwa ya karibu pointi 18 na ndogo ya karibu pointi 10, ambazo inadhaniwa zilipewa jina hilo kwa sababu ya kutumika sana katika vitabu vya sala. Lakini hizo zilikufa pamoja na herufi za madini ya risasi.

Kabla sijaliacha tawi hili, nataka tusimame mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza vimepita njia moja bila kuambiana. Kule pwani, na hapa Mwanza katika madrasa zetu, mtoto wa Kiislamu huanza na alifu, be, te, kisha huingia katika Juzuu Amma, yaani sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura fupi anazozihitaji katika sala. Kusoma na kusali huanza siku moja, katika chuo kimoja, mbele ya mwalimu mmoja. Ng’ambo ya ziwa, Buganda, Wakristo wa mwanzo katika miaka ya 1870 na 1880 hawakuitwa hasa kwa jina la imani yao. Waliitwa ‘abasomi’, yaani wasomaji, kwa kuwa aliyetaka ubatizo alianza kwa kushika kitabu. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe wa Kikatoliki, waliojenga makao yao huku kusini mwa ziwa katika miaka hiyo hiyo ya 1880 walifundisha vivyo hivyo: katekisimu ndiyo ilikuwa kitabu cha kwanza. Kama yule mtoto wa Chaucer angeshushwa katika misheni ya Bukumbi wakati huo, angeshangazwa na joto na viboko ziwani, lakini darasa angelitambua.

Hapo ndipo linapoingia neno nililosema mmelipita. Neno hilo ni “kisomo”. Likitazamwa kwa umbo tu, ni nomino iliyotokana na kitenzi “soma”, kama vile “kilimo” lilivyotokana na “lima”. Lakini matumizi yake ni mawili, na nikiyaweka bega kwa bega na historia niliyokusimulia, nashindwa kutotabasamu. Kwa Waislamu kisomo ni kusanyiko la kusoma Kurani na dua, kwa mfano kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya kumwombea mtu afya. Kwa serikali na walimu wa miaka ya 1970, kisomo ni darasa la watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Sala na alfabeti ndani ya neno moja, na hakuna mtu wa Kilatini aliyetusaidia.

Na Mwanza ina nafasi yake katika hilo. Mwaka 1968 UNESCO pamoja na serikali ya Tanzania walianzisha katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, ambao wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima asijifunze kusoma kwa sentensi za watoto bali kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa pamba, mvuvi kwa nyavu na samaki, mkulima wa migomba kwa ndizi. Mwaka 1970 Rais Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea nchi nzima chini ya miembe, katika ofisi za TANU na kwenye majengo ya shule baada ya watoto kutoka. Katika ripoti za Kiingereza za mradi ule, vile vitabu vya pamba na uvuvi vinaitwa ‘primers’. Walimu waliofundisha hawakuhangaika kulitafsiri neno hilo hata kidogo. Wao walikuwa na vitabu vya kisomo. Ukipata bahati ya kuongea na mzee aliyehudhuria madarasa yale, mtajie kitabu cha kisomo utaona jinsi anavyokumbuka, na pengine atakusomea kwa kichwa sentensi ya ukurasa wa kwanza.

Nirudi kwenye tawi la pili, la kopo la rangi, ambalo wengi hudhani ndilo la pekee. Katika karne ya 16 kitenzi ‘prime’ kilikuwa kimeshatumika kwa kazi za kuandaa na kujaza, hasa kwa bunduki. Bunduki za wakati ule zilikuwa na baruti ya aina mbili: ile nyingi iliyoshindiliwa ndani ya mtutu pamoja na risasi, na ile kidogo, laini zaidi, iliyomiminwa kwenye kisahani kidogo cha nje. Cheche ikidondokea kisahani, baruti ya nje iliwaka, moto ukapenya tundu na kuilipua ya ndani. Kuiweka ile baruti ya nje ndiko kulikoitwa ‘prime’. Yenyewe haikurusha risasi. Iliiwezesha ile nyingine irushe. Kiswahili kilizifahamu bunduki hizi vizuri, na kilizigawa kwa namna zilivyowashwa: gumegume ni ile ya kuwashwa kwa jiwe, kisha ikaja ya fataki, iliyopigwa kwa kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Asili ya njia hiyo ya kugonga ni mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander John Forsyth, aliyeipatia hataza mwaka 1807 kwa sababu, kama wawindaji wengi, alichoshwa na ndege walioruka mara wanapouona moshi wa kisahani. Kikofia hicho Waingereza hukiita ‘primer’, na Kiswahili sanifu kilikiita fataki. Bahati mbaya neno hilo sasa limetekwa: mwanafunzi wako akilisikia atamwona mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, maana iliyoenezwa na matangazo ya redio, na baada ya hapo ataziona fashifashi za sikukuu, lakini gobore halitamjia akilini.

Kutoka kwenye bunduki hadi kwenye rangi si mbali, na kufikia karne ya 17 mafundi wa Kiingereza walikuwa wakisema ‘prime’ kwa tabaka la kwanza linalopakwa juu ya ubao au turubai tupu. Fundi rangi wa Mwanza naye husema “tupige praima kwanza”, na hapo neno limeshakuwa la Kiswahili, lina mahali pake pa kufanyia kazi, wala sioni sababu ya kulifukuza. Tofauti moja tu niiseme kwa kuwa wauzaji wengine huichanganya: praima hugusa kitu kitupu, iwe lipu, chuma au mbao, nayo huziba vitundu vya lipu isiinywe rangi, au huzuia kutu kwenye chuma, na huishika rangi isibanduke; andakoti huja juu ya praima ili kusawazisha sura kabla ya rangi ya mwisho. Anayepaka andakoti juu ya lipu tupu ameipitisha rangi kwenye mlango usio wake, na atalijua hilo mvua za masika zitakapofika.

Pampu nayo ina ‘prime’ yake. Wakulima wa mboga wa kandokando ya ziwa wanaotumia mashine za kuvuta maji wanajua kwamba mashine iliyokauka haivuti. Ni lazima umimine maji kwenye pampu na mpira wake wa kuvutia hadi hewa itoke, ndipo injini iwashwe na ziwa lianze kupanda shambani. Waingereza wanalitumia neno lile lile kwa kazi hiyo ya kuyatanguliza maji kidogo ili kuyaita maji mengi. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Simama Mwaloni Kirumba au Igombe jioni, wakati mitumbwi ya dagaa inajiandaa kutoka, umtazame anayeshughulikia injini. Kabla ya kuvuta kamba, anashika kipira cheusi kilicho katikati ya mpira wa mafuta, kati ya tangi na injini, na kukibana mara kadhaa mpaka kiwe kigumu mkononi. Juu ya kipira hicho pana mshale unaoelekea injini. Kila anapokibana, petroli inasukumwa mbele hadi kabureta ijae, na ndipo mvuto wa kamba unapopata kitu cha kuwasha. Katika vitabu vya Kiingereza vinavyofungashwa na injini, jina la kipira hicho lina neno letu hili hili. Mvuvi hulitekeleza kila jioni bila kulitamka hata siku moja, na angekuwa mwalimu wa lugha angeweza kuwaeleza wanafunzi maana yake kwa kiganja tu.

Binti yako naye, Mwalimu, alikosea kidogo aliposema la kwao halihusiani na hayo. Anachokizungumzia ni kipande kifupi cha DNA kinachotumika katika kipimo cha PCR, mbinu ya kunakili sehemu ya DNA mara nyingi, ambayo Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 na iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Kimeng’enya kinachonakili DNA kina udhaifu mmoja wa ajabu: kinaweza kuendeleza mnyororo ulioanzishwa, lakini hakiwezi kuanzisha kipya kutoka hewani. Kwa hiyo mtaalamu hukitangulizia vipande viwili vifupi, kwa kawaida vyenye nyukliotidi, yaani pingili za DNA, 18 hadi 25 hivi, vilivyoundwa ili vishikamane na ncha mbili za sehemu anayoitafuta. Vikishashika, kimeng’enya kinapata mahali pa kuanzia na kazi inasonga mbele, na vipande hivyo ndivyo vinavyoamua sehemu ipi ya DNA inakiliwa na ipi inaachwa. Ni baruti ya kisahani, ni maji ya pampu, ni kipira cha mwaloni. Kwa Kiswahili neno “kianzishi” linatosha kabisa, na ningependa kuliona likitumika maabarani, ijapokuwa najua binti yako na wenzake watasema “praima” kwa sababu ndivyo vichupa vilivyoandikwa. Kuna pia praima ya uso, ile inayopakwa kabla ya poda katika saluni za maharusi, ambayo si chochote ila kazi ya fundi rangi iliyohamia kwenye shavu.

Mwenzako aliukataa utangulizi, nami nisingependa neno hilo lionekane dhaifu. Ni zuri mno, ila ni la kazi nyingine. Linatokana na “tangulia”, na Waingereza wanalo linalolingana nalo kwa karibu sana, ‘preamble’, ambalo kwa Kilatini ni “anayetembea mbele”. Yale mengine ya jamii hiyo kila moja lina picha yake: ‘preface’ ni kilichosemwa kabla, ‘introduction’ ni kumwongoza mtu kumwingiza ndani, na ‘preliminary’ ni kilicho kabla ya kizingiti, yaani shughuli za barazani. Dibaji yetu inawashinda wote kwa urembo, maana imetujia kwa Kiarabu kutoka Kiajemi na asili yake ni kitambaa cha hariri kilichodariziwa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ulipambwa kama vazi. Lakini yote hayo ni sehemu za kitabu. Yanatembea mbele ya jambo na kulipisha. Mara mojamoja sehemu hukua ikawa kitu kizima, kama ulivyokuwa utangulizi wa kitabu cha historia cha mwanazuoni wa Kiarabu Ibn Khaldun, alioukamilisha mwaka 1377, ambao leo husomwa kuliko historia yenyewe. Hata hivyo huo haukuwa wa wanaoanza kujifunza. Kitabu cha ‘primer’ hakitembei mbele ya kitabu kingine. Chenyewe kinatosha, na anayekimaliza anaweza kuanza kazi.

Basi, jalada. Kwanza kitazame kijitabu chenyewe kinamchukulia msomaji kuwa nani. Kama kinaanza na namna ya kuchagua mahali pa kuweka kizimba, kina cha maji, vifaranga wangapi na chakula kiasi gani, na kikaeleza kila hatua kwa asiyewahi kuifanya, basi hicho ni kitabu cha kwanza kwa maana kamili. Kama kinadhani msomaji anayajua hayo na kinampa tu maelezo ya jumla juu ya biashara na sheria, hapo neno limetumika kwa ile maana ya magazetini, na “Mwongozo Mfupi” ungefaa zaidi. Kwa unavyokieleza, nadhani ni cha aina ya kwanza. “Misingi ya Ufugaji wa Samaki” si kosa, lakini msingi ni jambo la nadharia, na wavuvi waliogeuka wafugaji hawakukuomba nadharia. “Kitabu cha Kwanza cha Ufugaji wa Samaki” ni sahihi na kinyenyekevu. Mimi ningeandika “Kisomo cha Ufugaji wa Samaki” kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo “kitabu cha kwanza kwa wafugaji wa vizimba”. Mstari huo mdogo unahitajika kwa sababu mbili: wapo watakaodhani wameitiwa dua, na wapo watu wazima ambao neno kisomo linawakumbusha kuketi kwenye madawati ya watoto wao, jambo ambalo si kila mmoja alilifurahia. Kwenye kikundi chenu mnafahamiana. Waulize wawili watatu kabla ya kuchapa. Zile kurasa tatu za mwanzo ambamo mwandishi anawashukuru wafadhili, hizo ziite Utangulizi na mwenzako aridhike.

Kuhusu matamshi, ambayo uliyagusia mwishoni mwa barua yako: Mmarekani akitaja kitabu hutamka irabu fupi, karibu na “prima”, na akitaja rangi hutamka “praima”, Mwingereza wa leo kwa kawaida husema “praima” kwa vyote viwili. Wanafunzi wako wakisikia tofauti hiyo kwenye filamu usiwaambie mmoja amekosea.

Na lile kopo, soma lebo yake kabla hujaondoka Makoroboi. Kama ni ile nyekundu ya kuzuia kutu, hiyo ni ya magrili na milango ya chuma. Ukiipaka kwenye lipu mpya ya saruji, magadi yaliyomo kwenye saruji yataila mafuta yake na itabanduka ndani ya muda mfupi. Kwa kuta omba praima ya lipu, na uiache lipu ikauke kabisa kwanza.